Shombo Isiyotoka kwa Sabuni

Mke wangu alisubiri watoto walale ndipo akaniambia. Tulikuwa tumekaa barazani, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na ilikuwa imepita miezi michache tangu daktari anijulishe kwamba figo zangu zimefikia hatua ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. "Baba Rehema," akasema, "naomba usinielewe vibaya. Harufu yako imebadilika. Si kikwapa, na najua unaoga. Ni kama shombo, halafu asubuhi kinywani kunatoka kitu kama mkojo." Nilimjibu kwa ukali ambao mpaka leo unanitia haya, kisha nikainuka nikaenda kuoga kwa mara ya tatu siku ile.

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka 29. Katika miaka hiyo nimeandika alama ya amonia ubaoni mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, nimewafundisha wanafunzi namna ya kupepea mvuke wake kwa kiganja badala ya kuinamia chupa, na nimewatungia mitihani juu yake. Hata hivyo, gesi hiyo hiyo ilipoanza kutoka kinywani mwangu, akili yangu haikwenda kwenye kemia hata kidogo. Ilikwenda kwenye usafi. Niliamini kwamba nimekuwa mchafu, na kwamba mtu mzima wa miaka 55 aliyeanza kunuka hana la kumweleza mtu yeyote isipokuwa kuongeza sabuni.

Ninaandika haya kwa sababu katika chumba cha kusafishia damu, ambako sasa ninakwenda kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, tunazungumza karibu kila kitu. Tunaambiana uzito wa maji tuliokuja nao, tunaulizana shinikizo la damu, tunalaumiana kwa ndizi na machungwa tuliyokula kwa siri. Juu ya harufu hakuna anayefungua mdomo. Nilipothubutu kuwauliza wenzangu wanne ambao vitanda vyao viko karibu na changu, watatu walikubali kwamba wameishi na jambo hilo kwa miaka, na kila mmoja alikuwa akidhani ni lake peke yake. Mmoja wao, mama mwenye umri wa kunizaa, alisema aliacha kumbeba mjukuu wake kwa sababu mtoto alikuwa akigeuza uso.

Nianze na mbolea, kwa kuwa wasomaji wengi wanaifahamu kuliko damu. Mkulima akifungua mfuko mkavu wa mbolea ya urea hasikii harufu yoyote ya maana. Zile chembe nyeupe hazinuki. Akiimwaga juu ya udongo wenye unyevu akaiacha bila kuifukia, baada ya muda hewa ya shamba inaanza kuchoma pua. Bakteria wa udongoni wana kimeng'enya kiitwacho ureasi, na kazi yake ni kuivunja urea ikatoa amonia. Urea ya kwenye mfuko na urea ya kwenye damu ya binadamu ni kitu kimoja. Ndiyo maana mwaka 1828 mwanakemia Friedrich Wöhler alipoitengeneza maabara kwa mara ya kwanza, alimwandikia mwalimu wake Berzelius kwa furaha kwamba ameweza kupata urea bila kuhitaji figo ya mtu wala ya mbwa. Nimelisimulia tukio hilo mbele ya madarasa mengi, na leo nalisoma kwa jicho jingine.

Mwilini, ini ndilo linalotengeneza urea kutokana na mabaki ya protini, na figo ndizo zinazoitoa. Figo mbili zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikarudisha karibu yote kwenye damu, na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo, zikiwa zimebeba urea na takataka nyingine. Kazi hiyo ikidhoofika, urea inabaki kwenye damu, na kwa kuwa ni molekuli ndogo inayopita kila mahali palipo na maji, inaingia kwenye jasho, kwenye machozi na kwenye mate. Mate ndiyo yenye taabu. Juu ya ulimi na katikati ya meno wamo bakteria wenye ureasi ile ile ya shambani, nao wakipata urea kwa wingi wanafanya kile kile wanachofanya ndugu zao udongoni. Usiku mate hupungua na kinywa hukauka, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ambayo pumzi huwa kali zaidi.

Siku moja nilichukua karatasi nyekundu ya litimasi, ile ya kupimia asidi na besi, iliyosalia katika sanduku langu la zamani, nikaiweka ulimini kabla ya kupiga mswaki. Ilipotoka ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya buluu. Nilikaa kitandani nikiitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Sikuwa mchafu, nilikuwa na besi, yaani kinyume cha asidi, kinywani, na besi ile ilikuwa na chanzo ninachokijua kwa jina.

Pamoja na harufu huja ladha. Kwa miezi mingi kabla ya kuanza kusafishwa damu, chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya sarafu, kana kwamba nimevumbika shilingi chini ya ulimi. Nyama iliyokuwa ikinipendeza ilianza kunichefua kuanzia jikoni, ikiwa bado sufuriani. Nilidhani ni hila za uzee au dawa za shinikizo la damu nilizokuwa nikizimeza tangu mwaka 2011. Kumbe ladha ya chuma na kuchukia nyama ni miongoni mwa dalili za kawaida kabisa za urea kupanda, na laiti ningeyataja mapema kliniki, pengine nisingeanza kusafishwa damu kwa dharura, usiku, nikiwa na kwikwi isiyokoma na mawazo yasiyoshikamana.

Sasa nirudi kwenye neno alilolitumia mke wangu, maana alichagua kwa usahihi ambao hata mwalimu wa kemia asingeufikia. Alisema shombo. Sisi tuliokulia pwani tunajua shombo ni nini: ni ile harufu inayong'ang'ania viganja baada ya kuparura samaki, inayobaki kwenye ubao wa kukatia na kwenye kanga hata baada ya kufuliwa, na inayokupokea mbali kabla hujaufikia mnada wa samaki kule Deep Sea. Sehemu kubwa ya harufu hiyo inatokana na kitu kiitwacho trimethilamini. Samaki wa baharini ana aina yake isiyonuka ndani ya nyama, na akishakufa bakteria huibadilisha kuwa ile inayonuka. Ndiyo maana samaki wa alfajiri hana shombo kama samaki wa alasiri.

Trimethilamini hiyo hiyo hutengenezwa tumboni mwa kila binadamu. Bakteria wa utumbo huitoa kwenye kolini iliyomo kwenye mayai, maini na nyama, na kwenye karnitini iliyomo hasa kwenye nyama nyekundu. Kwa kawaida ini huigeuza ikawa ile aina isiyonuka, na figo huitoa kwa mkojo, mtu asijue kwamba kuna jambo lililopita. Figo zikishindwa, mlolongo huo unaziba mwishoni, na amini, yaani jamii ya kemikali ambayo trimethilamini ni mojawapo, zinarundikana. Mwaka 1977 watafiti waliopima pumzi za wagonjwa wa figo walizikuta humo trimethilamini na ndugu yake dimethilamini kwa kiasi kikubwa kuliko kwa watu wenye afya. Kwa hiyo mke wangu hakuwa akitumia tashbihi. Alikuwa akinusa molekuli ya samaki na kuiita kwa jina lake la Kiswahili.

Na kila mpishi wa pwani anajua dawa ya shombo, hata kama hajawahi kuelezwa sababu yake. Anakamua ndimu. Amini ni besi. Ikikutana na asidi ya ndimu inageuka kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua haiipati. Kinyume chake ndicho nilichokuwa nikikifanya bafuni. Nilikuwa nikijisugua kwa dodoki na sabuni ya kipande ya kufulia, nikiamini kwamba ukali wa sabuni ndio utakaoondoa harufu. Sabuni ya namna hiyo ni ya kibesi. Inaharibu uasidi mdogo ambao ngozi ya binadamu huwa nao kwa asili, na amini ikikutana na besi inabaki huru kuruka. Nilikuwa naifungulia mlango harufu niliyotaka kuifungia.

Madhara hayakuishia hapo. Ngozi ya mgonjwa wa figo huwa kavu kwa sababu tezi za jasho husinyaa na kupunguza kazi, na mara nyingi huwasha usiku kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Mimi nilikuwa nikiichuna ngozi hiyo mara tatu kwa siku. Miguu yangu ilipasuka kama tope la bwawa lililokauka, nikawa najikuna hadi damu inachafua shuka, na vidonda vile vidogo, kwa mtu mwenye kisukari kama mimi, ni hatari ambayo sikuifikiria hata kidogo wakati nimeshika dodoki. Wanaosoma haya wakiwa na mgonjwa nyumbani anayeoga kupita kiasi wamwangalie vizuri: huenda hatafuti usafi, anakimbia aibu.

Niliacha sabuni ya kipande. Sasa ninatumia sabuni ya maji isiyo kali, ile inayoandikwa kwamba inalingana na uasidi wa ngozi, ninaoga kwa maji ya uvuguvugu mara moja au mbili kwa siku, na kabla ngozi haijakauka ninapaka mafuta yasiyo na manukato. Kuna aliyeniuliza kama ajipake ndimu yenyewe, kwa kuwa nimeieleza sifa yake. Nimemkataza. Maji ya ndimu kwenye ngozi kavu iliyochanika yanachoma, na ngozi iliyopakwa ndimu ikikutana na jua kali inaweza kuungua na kubaki na baka. Ndimu iachwe kwa samaki.

Kwenye manukato nilijifunza kwa gharama zaidi. Huku kwetu marashi si anasa. Nguo hufukizwa udi, chumba hufukizwa udi, mgeni hupokewa kwa udi. Mama Rehema alianza kunifukizia kanzu karibu kila siku, na mimi nikaongeza mafuta mazito ya manukato shingoni. Harufu mbili hazikufutana. Zilikaa pamoja, na mchanganyiko wake ulikuwa mbaya kuliko kila moja peke yake, kama binti yangu mkubwa alivyokuja kukiri baadaye. Tena moshi wa udi katika chumba kilichofungwa ulinibana kifua, kwani wakati ule nilikuwa na maji yaliyozidi mwilini na pumzi yangu ilikuwa fupi. Kidogo cha manukato kwenye nguo safi hakina ubaya. Kumzamisha mgonjwa ndani ya moshi ni kumtesa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nikisikia kitu. Nilidhani watu wa nyumbani wanazidisha. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba pua za wagonjwa wa figo mara nyingi hupungua nguvu kadiri ugonjwa unavyosogea, mbali na ile hali ya kawaida ya kila binadamu kuizoea harufu anayoishi nayo. Maana yake ni nzito: mtu anayetoa harufu ndiye wa mwisho kuijua, na anapoijua huijua kupitia nyuso za wengine. Nilianza kuzisoma nyuso hizo kila mahali. Kwenye daladala, abiria akifungua dirisha, nilijua ni kwa ajili yangu, hata kama jua la saa saba lilikuwa likimchoma yeye mwenyewe. Mwanafunzi wangu wa zamani aliponisalimia kwa mbali sokoni nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba ameogopa kusogea.

Msikitini niliacha kwenda. Katika safu watu husimama bega kwa bega, na wakati wa kusujudu kichwa cha mtu kiko karibu kabisa na cha jirani yake. Nilikuwa nikikumbuka ile hadithi ya Mtume inayomtaka aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji asiukaribie msikiti, nikajihukumu kwayo. Nikaswali nyumbani majuma kumi na moja. Sheikh wa msikiti wetu alipokuja kunijulia hali nilimweleza ukweli, na hakunijibu upesi. Kisha akasema, "Mwalimu, mwenye kula kitunguu amekichagua, na kesho anaweza kukiacha. Wewe umechagua nini? Ukiwa taabani una ruhusa ya kuswali kwako, lakini usijitungie hukumu ambayo hukuhukumiwa." Akanikumbusha pia kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga, ambayo watu huikimbia, imetajwa kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu ni nzuri kuliko miski.

Dawa yenyewe ya harufu hii ni kuisafisha damu, na yale mengine yote ni nyongeza. Tangu daktari Willem Kolff alipoanza kutumia mashine yake mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, msingi haujabadilika: damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, maji yaliyotayarishwa hupita upande wa pili, na urea pamoja na takataka ndogo ndogo huvuka kwenda kule zilikopungua. Saa nne, mara tatu kwa wiki. Kipimo kinachotumika sana kuona kama kazi imefanyika ni kupima urea kabla na baada. Katika kila kikao inapaswa ishuke kwa angalau asilimia 65. Amini za shombo nazo huondoka kwa njia hiyo hiyo.

Mke wangu aliweza kuniambia siku za wiki kwa pua yake. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumanne asubuhi ndilo pengo langu refu la kukaa bila mashine, na usiku wa Jumatatu ndio usiku wa shombo. Jumatano na Ijumaa nilikuwa sawa. Ila palitokea kipindi, katika mwaka wa kwanza, ambapo harufu ilirudi ikawa haiondoki hata Ijumaa, na tulipokaa kutafuta sababu tukaikuta kwangu. Misuli ya miguu ilikuwa ikinibana katika saa ya mwisho, nami nilikuwa nikimsihi muuguzi anitoe mapema. Dakika 30 leo, dakika 45 keshokutwa. Alikuwa akinionea huruma. Vipimo vya mwezi vilipotoka urea ilikuwa imeshuka kwa asilimia 52 tu. Daktari alipunguza kasi ya kunitoa maji, akanisisitizia kuacha chumvi ili nisije na kilo nne za maji kila mara, na nikarudi kwenye saa zangu nne kamili. Katika wiki tatu Mama Rehema alisema, bila kuulizwa, kwamba mto wangu haunuki tena.

Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaopunguza vikao bila ya kupenda. Mtu asiye na bima anaweza kulazimika kwenda mara moja kwa wiki pale anapotakiwa kwenda mara tatu, na kisha ndugu wakamlaumu kwa kunuka. Harufu ile ni hesabu ya vikao alivyovikosa, na aibu yake haipaswi kuwa ya mgonjwa.

Kuhusu kinywa, yaliyonisaidia ni madogo na ya kila siku. Nasugua ulimi, kwa kuwa bakteria wengi wamekaa huko kuliko kwenye meno. Asubuhi naanza na mswaki wa mti niliouzoea tangu utotoni, kisha mswaki wa kawaida. Dawa ya kusukutua yenye spiriti niliiacha, kwani hukausha kinywa, na kinywa kikavu ni karamu ya bakteria. Kwa kuwa siruhusiwi kunywa maji kwa kadiri ya kiu, navunja kipande kidogo cha barafu nakimumunya polepole, nikikihesabu katika maji yangu ya siku, au natafuna ubani usio na sukari ili mate yatoke. Nilikwenda pia kwa daktari wa meno, akaniziba mashimo mawili niliyokuwa nimeyasahau. Si kila harufu ya kinywa cha mgonjwa wa figo inatoka kwenye figo.

Tumbo nalo lina sehemu yake. Sisi tunaosafishwa damu hufunga choo mara nyingi, kwa sababu ya uchache wa maji, ya kukatazwa matunda mengi, na ya baadhi ya vidonge vya kuzuia fosifeti. Chakula kikikaa utumboni siku nne, bakteria wanapata muda mrefu wa kutengeneza zile amini. Mtaalamu wa lishe alinipangia mboga ambazo huchemshwa kwanza na maji yake kumwagwa ili potasiamu ipungue, na daktari akanipa dawa ya kulainisha choo inayofaa kwa hali yangu. Wapo watakaosoma habari za nyama na mayai hapo juu wakaamua kuacha protini kabisa. Nawasihi wasifanye hivyo. Mtu anayesafishwa damu hupoteza protini kwenye mashine na anahitaji kula ya kutosha. Mabadiliko yoyote ya chakula yapitie kwa anayemtibu.

Hapa lazima nizungumze juu ya majirani zetu wema. Habari zilipoenea kwamba Mwalimu ananuka mkojo, nyumba ilijaa tiba. Aliyeleta madafu aliniambia dafu husafisha figo. Aliyeleta juisi ya mbirimbi aliniambia kwamba kama inakata shombo ya samaki, itakata na yangu. Mwingine alileta chupa ya majani yaliyochemshwa, bila jina, aliyouziwa na mtu kwa njia ya simu. Niliwashukuru wote na sikunywa chochote kati ya hivyo, na ningependa kila mwenye mgonjwa wa figo aelewe sababu. Dafu lina potasiamu nyingi sana, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama bila onyo. Mbirimbi ina oksalati nyingi, na wapo watu waliokuwa na figo nzima zikaharibika kwa kunywa juisi yake kwa wingi. Majani yasiyojulikana huenda ndiyo yaliyowafikisha baadhi ya wenzangu kwenye mashine.

Zipo harufu ambazo hazitakiwi kuvumiliwa wala kusubiriwa hadi siku ya kliniki. Harufu mbaya au usaha mahali mrija wa kusafishia damu ulipoingia shingoni au kifuani, pamoja na homa na kutetemeka, ni dalili ya maambukizi yanayoweza kuingia kwenye damu siku hiyo hiyo. Pumzi yenye harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva sana, kwa mwenye kisukari, ni ya asetoni na inahitaji hospitali haraka. Na kwa yule ambaye bado hajaanza kusafishwa damu, harufu ya mkojo kinywani ikiambatana na kichefuchefu, kwikwi, usingizi mzito au kuchanganyikiwa maana yake urea imepanda kupita uwezo wa mwili. Zamani, kabla ya mashine, wagonjwa waliofika mwisho walionekana na unga mweupe usoni, urea iliyobaki baada ya jasho kukauka. Mimi sikufika huko, ila naamini sikuwa mbali.

Namna ya kumwambia mtu ni jambo lililobaki moyoni mwangu. Katika hospitali moja niliyopitia mwanzoni, mhudumu mmoja alifungua dirisha akasema kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba "mzee huyu hajui maji." Sauti ile niliisikia kwa mwaka mzima. Mke wangu alisema jambo lile lile, lakini alingoja usiku, alikaa karibu nami badala ya kusogea mbali, alianza kwa kuniondolea lawama ya uchafu, na kesho yake alikwenda nami kliniki akalitaja mwenyewe kwa daktari pale niliponyamaza. Daktari hakushangaa hata kidogo. Aliandika kwenye faili, akaagiza vipimo, akauliza juu ya ladha na hamu ya kula. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakuna aliyeniuliza hayo katika kliniki zote za miaka mitatu iliyotangulia, na kwa nini mimi nami sikusema.

Siku zangu za mashine ziliponyooka, niligundua kwamba Ijumaa inaangukia siku baada ya kikao cha Alhamisi, ambapo damu yangu iko safi kuliko siku nyingi za wiki. Ijumaa ya kwanza niliyorudi nilivaa kanzu isiyofukizwa, nikasimama mwisho wa safu ya nyuma, karibu na mlango. Imamu alipotaka safu zinyooshwe, kijana aliyekuwa mbele yangu alirudi nyuma hatua moja kujaza pengo, bega lake likagusa langu, na likabaki hapo mpaka tulipotoa salamu.